Mgongo wa Baba Mkwe

Mtu wa kwanza kukikalia kile kiti pale kazini alikikalia kinyume, na mtu huyo ni mimi. Kilikuwa kimefika asubuhi hiyo kutoka Nakonde, upande wa Zambia, kimekunjwa kama kitanda cha askari. Mama, bosi wetu, muuguzi mstaafu ambaye ndiye aliyefungua ile nyumba ya masaji hapa Tunduma, alikifungua mwenyewe na kukisimamisha katikati ya chumba. Niliona mto mmoja mrefu na mingine midogo, nikafikiri ule mrefu ni wa kuegemea mgongo. Nikakaa. Magoti yangu yakaning'inia, na lile duara la sponji lenye tundu la kuwekea uso likanipiga kisogoni.

Mdogo wangu kazini alicheka hadi akajishika ukuta. Namwita mdogo wangu kwa sababu ni binti wa miaka ishirini na minne na mimi nimeshapita arobaini, wala hatuna undugu. Kwao ni Momba, ila amewahi kufanya kazi ng'ambo ya mpaka na viti vile anavijua. Akanishika mkono akanigeuza. Unakaa kifua kikiwa mbele, magoti unayaweka kwenye vimito vya chini kama anayepiga magoti, uso unaingia kwenye duara ukitazama sakafu, na mgongo wako wote unabaki kwa anayekuchua. Nguo huvui hata kifungo kimoja.

Mama alituangalia wote wawili, akasema kiti kitakuwa cha binti, kwa kuwa anakijua. Mimi nibaki na kitanda changu nyuma ya pazia. Lilikuwa jambo la haki na nililiona ni la haki. Nimelirudia kichwani mara nyingi nikitafuta mahali alipokosea, na sipaoni.

Lakini kiti kilikimeza kitanda. Hapa mpakani neno masaji lina sifa mbaya, watu wakilisikia wanafikiria vyumba vya giza. Kiti kilikaa karibu na mlango, mlango wazi, pazia limevutwa pembeni, na mpita njia anaona mtu mwenye koti lake na viatu vyake anachuliwa mabega. Basi wakaanza kuja watu ambao kwenye kitanda changu wasingelala kamwe: akina mama wa kwaya, walimu, hata mchungaji mmoja wa Nanyala. Madereva wa malori wanaosubiri kuvuka wakawa wanakuja wawili wawili. Binti anawasalimu "mulishani", wanafurahi kama wamefika nyumbani. Mimi Kibemba changu ni natotela tu, yaani asante, na nikilitamka wananiuliza nimesema nini.

Nisimwonee. Ni msafi, duara la uso analifuta kwa spiriti kila mteja akiondoka na kuweka tishu mpya kabla hajaambiwa. Hasengenyi. Chai akichemsha huniletea mimi kwanza. Ningependa awe na kasoro moja kubwa nikaipumzikie, na sikuipata. Mimi nilikaa nyuma ya pazia nakunja taulo ambazo hazijatumika, nasikiliza watu wanavyoguna kwa raha upande wa pili, na moyo unanichoma.

Huo ndio ulikuwa wivu wangu wa kwanza, wa kazi. Ningeuzoea.

Wa pili ulikuja na baba mkwe wangu. Yeye ni mkulima wa kahawa kule Itaka, mzee wa kanisa, mtu wa maneno machache. Miaka mingi amebeba magunia na kuzungusha mashine ya kumenyea kahawa kwa mkono, na mwaka jana mgongo ulikataa. Hospitali walimpiga picha wakasema mifupa ni mizima, misuli ndiyo imechoka, atafute wa kumchua na afanye mazoezi. Mume wangu, ambaye ni fundi wa matairi ya malori, aliponiambia, mimi mwenyewe ndiye niliyesema mzee aje akae kwetu, atibiwe kwetu kazini. Nilidhani Mama atamshughulikia. Sikuwaza zaidi ya hapo.

Inabidi nieleze desturi ya ukoo wa mume wangu, maana siku hizi wengine wanaiacha. Mkamwana hamgusi baba mkwe wake. Hampi mkono, hakai naye chumba kimoja, hamwangalii usoni. Kwa miaka kumi na minne nimempikia, nikapiga magoti mlangoni nikasukuma sinia ndani na kurudi nyuma bila kumpa kisogo. Akiwa na jambo na mimi anamwambia mtu mwingine aliyepo, hata kama nipo hatua mbili, kwamba huyo mama aongeze chumvi. Mimi namjibu yule mtu. Sijawahi kuliona hilo kuwa mateso. Ni heshima, na aliishika yeye kama nilivyoishika mimi.

Ila ugumu ndio huu. Kitu pekee ninachokijua vizuri duniani ni mgongo wa mtu. Shule yangu iliishia darasa la saba, lakini bibi yangu kule Isansa alikuwa mkandaji wa wanawake wakati wa msimu wa kahawa, anawakanda juu ya kitenge bila mafuta, na alinifundisha nikiwa mdogo. Na mgongo uliokuwa ukiteseka ndani ya nyumba yangu ulikuwa ndio mmoja nisioruhusiwa.

Mama alimpokea mzee kwa heshima zote, akasema vidole vyake yeye vimezeeka, akampeleka kwenye kiti. Kwa binti.

Siku ile ya kwanza nilikuwa nyuma ya pazia. Nilimsikia binti anamwelekeza mzee, weka magoti hapa baba, uso hapa. Halafu nikasikia sauti ya mzee inatoka chini sakafuni, anasali. Amepigishwa magoti, ameinamishwa kichwa, akadhani anaombewa kabla ya tiba, kwa hiyo akaanza mwenyewe. Alimwombea daktari, yaani binti, akamwombea Mama, akaiombea mvua. Binti hakucheka. Alisimama akangoja mpaka amina, kisha naye akasema amina, ndipo akaweka mikono. Mimi nilicheka kimyakimya kwenye taulo, na katikati ya kucheka nikajua kwamba ameshampata.

Na kweli alimpata. Wiki ya pili mzee alikuwa anamwita mwanangu. Wiki ya tatu nilisikia kicheko kizito, kinakwaruza kama gari linalowashwa asubuhi ya baridi, nikatoa kichwa kidogo kuona ni mteja gani. Ni yeye. Miaka kumi na minne sijawahi kusikia baba mkwe wangu akicheka, kwa sababu nilikuwa siruhusiwi kuwapo mahali anapochekea. Mama mkwe alipotuma parachichi na kahawa kutoka Itaka, mzee alitenga fungu akalibeba mwenyewe, na mgongo ule ule mbovu, akampelekea binti.

Siku hiyo nilifanya kitu kibaya. Nilimwendea Mama nikamwambia binti anatumia kiwiko kwa nguvu mno kwa wazee, atakuja kumvunja mtu mbavu. Nilikuwa nimemwona akitumia kiwiko, hilo ni kweli. Kwa nguvu mno sikuwa nimeona. Mama alikaa pembeni siku mbili akimwangalia akifanya kazi, kisha akaniambia kwa upole kwamba hajaona tatizo, na kwamba huenda mimi nimechoka. Binti hakuwahi kujua. Naliandika hapa kwa sababu yanayofuata yasije yakanifanya nionekane mtu mwema.

Juma lililofuata binti aliungua kifundo cha mkono kwa mvuke wa chungu nyumbani kwake. Alikuja kazini amefunga bendeji, akajaribu kwa mzee, akashindwa kukandamiza. Alimwambia ngoja baba nilete tishu, akaja nyuma ya pazia. Machozi yalikuwa karibu.

"Dada, njoo wewe," alininong'oneza. "Uso uko kwenye tundu. Hatakuona."

Nikamwambia haiwezekani, unajua ni nani yule. Akasema anajua, lakini mzee ametoka nyumbani kwa tabu na ana maumivu. Mama alikuwa amekwenda benki. Ningeweza kumwambia mzee arudi kesho. Sikusema hivyo. Nataka niseme nilimhurumia, na huruma ilikuwepo, lakini kilichoniinua pale kwenye stuli ni kutaka kujua kama mikono yangu inamshinda binti.

Nilivua pete, nikavua kandambili, nikatoka peku.

Mgongo wake ulikuwa chini ya shati la kaki lililopigwa pasi na mimi. Sikuwahi kuwa karibu naye vile. Bila mafuta, juu ya nguo, ilikuwa ni kazi ya bibi yangu kabisa, nikashangaa kwa nini sikukielewa kile kiti tangu mwanzo. Kushoto, chini ya mfupa bapa wa bega, kulikuwa na msuli umekaza kama kamba ya mbuzi. Binti alikuwa ameupita juu kwa wiki nne. Ukiukandamiza wenyewe unakimbia. Inabidi uweke kidole gumba pembeni yake, ungoje mtu atoe pumzi, ndipo uzame, na usirudi. Nilingoja. Akatoa pumzi. Nikazama. Mzee alitoa sauti ndefu, ya chini, kama mtu aliyetua mzigo wa kutoka shambani, na mabega yote mawili yakashuka.

Nikarudi nyuma ya pazia. Binti akasogea, akamsaidia kuinuka. Mzee alijinyoosha, akageuza shingo huku na huku.

"Leo umefika, mwanangu," alimwambia. "Leo ndiyo umefika penyewe."

Jioni ile nyumbani alimwambia mwanawe wakiwa mezani, mimi niko jikoni, kwamba yule binti ana mikono ya kupewa na Mungu. Mume wangu akaja kunisimulia kama habari njema. Nilisonga ugali nimeng'ata meno. Sijui kama kuna mtu mwingine amewahi kuionea wivu mikono yake mwenyewe. Sifa ni zangu, zimepelekwa kwa mwingine, na siwezi kuzidai bila kusema nimemgusa.

Bendeji ya binti ilikaa siku kumi. Nilimchua mzee mara ya pili, na safari hii sikubembelezwa. Mara ya tatu bendeji ilikuwa imeshatoka. Tulitazamana tu, binti akasogea pembeni. Alijua kwamba mzee anataka ile ya siku ile na kwamba yeye haiwezi. Kwa haki yake, aliniambia hajisikii vizuri kupokea shukrani zile. Mimi nikamwambia avumilie.

Hiyo mara ya tatu, nikiwa nimeegemeza uzito wangu kwenye mikono, mzee alianza kuongea. Sauti ilitoka chini kwenye tundu.

"Mwanangu, unamjua yule mama mnayefanya naye kazi? Ni mkamwana wangu."

Binti, aliyekuwa amesimama karibu na kichwa chake, akaitika kwamba anamjua.

"Uige kwake. Miaka yote hii hajawahi hata kunikanyagia kivuli. Wa siku hizi hawako hivyo."

Mikono yangu ilikuwa juu yake. Binti alinitazama, nikatazama ukuta. Neno nililolingoja kwa miaka kumi na minne bila kujua nalingoja, nililipata wakati nikilivunja. Nilimalizia upande wa kulia kwa sababu si haki kumwacha mtu nusu, kisha nikarudi kwenye stuli yangu nikakaa.

Usiku sikumwambia mume wangu. Nilimwambia kesho yake asubuhi kabla hajaenda gereji. Alishika kichwa. Akasema niache, mzee amepona, binti hatasema, yaishe. Nilimwambia baba yake ananisifia kitu nisichokuwa nacho na sitaweza kumsukumia sinia tena. Tulibishana mpaka chai ikapoa. Mwishowe akatoka nje, mzee alikuwa anaota jua kwenye benchi. Niliwaona dirishani. Mume wangu aliongea akitazama viatu vyake. Mzee aliingia ndani akafungasha mfuko wake, na kabla ya saa sita alikuwa ameshapanda basi la kurudi, hakuaga.

Wiki tatu zikapita. Nilichokuwa nimekitaka nilikipata: kicheko kile hakikusikika tena upande wa pili wa pazia, na hakuna aliyemwita binti mwanangu. Nilijipima kama nimefurahi. Kidogo, ndiyo. Siwezi kusema hapana.

Halafu mama mkwe alipiga simu. Mzee hawezi kuinama kufunga viatu. Kahawa inaiva na yeye amekaa kwenye kiti barazani, anawagombeza wachumaji. Nilimwomba mama mkwe aniambie ukweli, mzee amesemaje juu yangu. Akasema hivi: kuguswa kuna dawa yake ya tangu zamani, kuku na kitenge, mtu anasamehewa. Kinachomuuma mzee ni kwamba watoto wawili, mimi na binti, wamemfanya mjinga huku ameinamisha uso kwa kuwaamini.

Tulipeleka kuku na kitenge. Mama mkwe alivipokea kwa mikono miwili. Mzee hakutoka ndani, lakini tulipokuwa tunaondoka ujumbe ulikuja: atarudi Tunduma kutibiwa, kwa sharti mkono uwe wa binti. Na uwe wa binti kweli.

Nililia barabarani, mume wangu akadhani ni furaha.

Maana yake nilijua. Binti haijui ile kazi, na wa kumfundisha ni mimi peke yangu. Mzee anarudi wiki ijayo.

Tulianza Jumatatu mchana, saa ya wateja wachache. Nilikaa kwenye kiti, safari hii kwa upande wake, nikaweka uso kwenye duara. Kumbe ukiwa mle unaona sakafu tu na vidole vya miguu vya mtu. Unampa mtu mgongo na huna namna ya kumsoma usoni. Ndipo nilipoelewa hasira ya mzee, zaidi ya nilivyoielewa kwa maneno ya mama mkwe.

Binti aliweka mikono. Ni mizuri ile mikono. Ya joto, haina haraka, inasikiliza. Nilikuwa nimekaa miezi nikijiambia wateja wanampendea ujana na kile kiti, na sasa mgongo wangu mwenyewe ukanikatalia. Nikamwelekeza, shuka kidogo, toka kwenye mfupa, hapo. Nilimfundisha kuutafuta ule msuli, nikamfundisha kuweka gumba pembeni. Habari ya pumzi sikumwambia. Siku ya pili pia sikumwambia. Alikuwa akizama, msuli unakimbia, ananiuliza nakosea wapi dada, nami najibu utazoea tu. Nilijisikia nikisema hivyo, uso ukiwa tunduni, na nilijua ninachofanya.

Siku ya tatu aliuliza tena, akaongeza kwa sauti ndogo kwamba labda yeye hana kipaji, amwambie Mama amweke mtu mwingine. Alikuwa ananiachia kiti. Ningeweza kukaa kimya muda wa kufuta duara lile na kila kitu kingenirudia. Kila kitu isipokuwa mzee, ambaye angebaki barazani hajafunga viatu.

"Ngoja atoe pumzi," nikasema. "Usizame kabla. Ngoja mpaka atoe."

Alingoja. Nikatoa pumzi. Akazama, na mimi mwenyewe nikatoa sauti ile.

Mzee alikuja Alhamisi, amevaa shati lile la kaki. Nilipiga magoti nyuma ya pazia alipopita, ingawa hakuniona. Nilisikia akisali, safari hii kwa kifupi. Nikasikia kiti kikilia kidogo kwa uzito wake. Muda ukapita mrefu. Halafu akaongea, kwa sauti kubwa kuliko inayohitajika kwa mtu aliyesimama karibu yake.

"Mwambie aliyekufundisha, umepita juu. Bado hujafika."

Binti alikuja kunieleza, kama inavyotakiwa, ingawa nilikuwa nimesikia kila neno. Nilimjibu kwa sauti ya kufika upande wa pili: asogeze gumba kuelekea uti wa mgongo, upana wa kidole kimoja, na asiwe na haraka na pumzi ya mzee, ni ndefu kuliko ya watu wengine. Binti akarudi. Kisha ile sauti, ndefu, ya chini, ya mtu aliyetua mzigo.

Nilifurahi, namshukuru Mungu. Lakini sauti ile ilikuwa imetoka chini ya mikono ya mwingine, na mimi nimeshika taulo. Mzee hakusema tena kitu. Nilikaa pale kwenye stuli nikiomba, nisamehewe, binti akosee tena kidogo, mahali padogo tu, ili mzee anitumie maneno mengine.